Firigisi ya Mzee Kashaija

Mzee Kashaija alimaliza sahani yake ya ugali, akanawa, akajifuta kwa leso aliyoitoa mfukoni mwa koti, kisha akamgeukia mkwe wake na kumuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, chakula kitakuwa tayari saa ngapi?"

Selina alikuwa ameshika bakuli la samaki, na bakuli lilikuwa tupu. Sangara mzima alikuwa amekwisha, na mchuzi wake umekombwa kwa tonge la mwisho.

"Baba, si ndiyo umekula sasa hivi?"

"Nimekula ugali," mzee akasema. "Nashukuru sana. Lakini nauliza chakula."

Kwa Mhaya wa umri wa Mzee Kashaija, chakula ni ndizi. Wali, ugali, viazi, hivyo ni vitu vya kushikiza tumbo wakati ndizi zinachemka. Na tusimcheke peke yake, maana Selina naye, mtoto wa Kisukuma kutoka Magu, angeweza kumaliza sahani nzima ya ndizi na maharage, akashukuru, halafu akaingia jikoni kimyakimya kutafuta kitu cha kula. Katika nyumba ile ya Ilemela iliyojengwa katikati ya majabali, watu walikuwa wanashiba kila siku bila kukubaliana kama wamekula. Yeye na mumewe Mutayoba walikwisha kuzoea. Walipika vyote viwili, wakataniana, maisha yakaenda.

Mutayoba alikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, katika vile viwanda vilivyoota ufukweni kama uyoga tangu serikali ilipofungua milango ya biashara. Selina alifundisha shule ya msingi, na kwa kuwa mshahara wa mwalimu miaka ile ulikuwa unakwisha kabla ya kufika nyumbani, alijenga banda nyuma ya nyumba akafuga kuku wa kisasa. Hoteli za Mkuyuni zilimjua. Ukila kuku wa kukaanga pale Mkuyuni wakati ule, kuna uwezekano mkubwa kuku huyo alilelewa na Mwalimu Selina.

Sasa, wazazi wa Mutayoba walikuwa wameteremka asubuhi ile kutoka kwenye meli ya Bukoba. Mama mkwe, Ma Bernadetta, alikuja na mikungu ya ndizi iliyofungwa kwa majani ya migomba, na kiroba cha senene wabichi, panzi wale wanaopendwa Bukoba, waliokamatwa usiku wa kuamkia safari. Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wenyewe. Mzee yeye alikuja na koti lake, fimbo, na malalamiko. Alikuwa amestaafu ukarani wa chama cha ushirika wa kahawa, na hakuwa amewasamehe waliowaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa mashambani.

"Mambo yote siku hizi huria," alisema akinyoosha miguu sebuleni. "Kahawa huria, mitumba huria, na watoto wa watu nao huria."

Mchana ule, wakati mzee akisubiri chakula kwa maana yake, wanawake walikaa uani kwenye mkeka kunyonyoa senene. Kazi hii haina ujanja. Unamshika, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unatupa kwenye ungo, unamshika mwingine. Nice, binti wa Selina aliyekuwa darasa la pili, alikaa katikati ya mama na bibi, akanyonyoa bila kuinua kichwa mpaka kiroba kikasinyaa. Mdogo wake Antoni alipita mara moja kuwatazama, akamrusha senene mmoja hewani, akaondoka zake kucheza. Ma Bernadetta akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu na chumvi, harufu ikazunguka nyumba nzima. Nice akaagizwa apeleke sahani sebuleni.

Mzee alifurahi mpaka meno yakaonekana. Akamwita Antoni, akamjaza kiganja. Akampa Mutayoba. Nice alikuwa bado amesimama pale pale mbele ya sahani, na vipande vya mabawa vimemganda kwenye vidole. Akanyoosha mkono wake.

Mzee akaifunika sahani kwa kiganja.

"Wewe ni mwanamke, mjukuu wangu. Mwanamke hali senene. Akila, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene."

Hakumkaripia. Alimpapasa kichwa kabisa kwa mkono mwingine, kwa mapenzi, kama anavyofanya babu yeyote. Ndiyo maana Nice hakulia. Alirudi uani taratibu, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa anafagia mabawa.

"Mama, kwani Antoni yeye hatazaa watoto?"

Selina alikuwa mwalimu, na mwalimu huzoea kuwa na jibu. Akauweka ufagio chini, akaingia sebuleni akiwa na vumbi la mabawa kwenye kanga, akainama mbele ya baba mkwe wake kwa heshima zote, akachota senene kwa vidole vitatu, akatia mdomoni. Walisikika wakivunjika.

"Watamu," akasema. "Ila chumvi imezidi kidogo."

Mzee akaiweka sahani mezani. Hakupaza sauti. Alizungumza na mwanawe kwa Kihaya, maneno marefu yaliyotoka taratibu, na Mutayoba akawa anayasikiliza akitazama zulia. Mwisho mzee akahamia Kiswahili ili anayehusika asikie vizuri.

"Huyu mtoto wa kike tutaondoka naye. Atakaa Bukoba, atasoma huko huko. Akafundishwe kuwa mtu, maana hapa naona hakuna wa kumfundisha."

"Tutazungumza, Baba," Mutayoba akasema.

Katika familia ile, tutazungumza maana yake ni ndiyo. Selina alilijua hilo tangu mwaka wa harusi.

Alimfuata mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Nice haendi Bukoba."

"Ni mila tu, Selina," Mutayoba akasema akivua viatu. Alikuwa amechoka, na alikuwa anamwogopa baba yake kama alivyomwogopa akiwa na kaptula. "Senene ni nini? Wadudu. Unataka kunikosanisha na mzazi wangu kwa sababu ya wadudu?"

"Kama ni wadudu tu, mbona alifunika sahani?"

Mutayoba akageuza kiatu mkononi kana kwamba jibu liliandikwa kwenye soli.

"Kesho wanakuja wageni. Jirani yetu Mzee Mihayo na watu wangu wa ofisini. Nakuomba, kesho tu utulie. Baba akiondoka hapa na furaha, huenda atasahau. Usinifanye nichague."

"Nimeshakusikia ukichagua," Selina akasema. "Uliangalia zulia."

Akatoka akaenda bandani kuwapa kuku maji. Aliwatazama wakigombania chombo, akajiapiza kwamba mwanawe hatapelekwa mahali akafundishwe kupika asichoruhusiwa kula. Aliyasema hayo kwa sauti, kuku wakiwa mashahidi. Ni vizuri tuyakumbuke maneno yake, maana kesho yake yalimrudia.

Jumapili waliporudi kutoka misa, Mutayoba alichinja jogoo wa kienyeji, yule aliyekuwa anaringa uani mbele ya wenzake wa kisasa. Wanaume wakakaa sebuleni na wageni. Selina na Ma Bernadetta wakaingia jiko la nje, Nice akamenya vitunguu kwenye kizingiti. Ugali ulisongwa, ndizi zikachemshwa na maharage zikawekwa kwenye hotipoti, na senene waliobaki wakarudishwa kwenye kikaango wapate moto.

Ma Bernadetta alikuwa mwanamke wa maneno machache. Tangu jana alikuwa hajasema lolote juu ya kitendo cha mkwe wake, na Selina alikuwa anasubiri kusemwa. Alikuwa amejiandaa na majibu yote. Mama yule akakoroga kikaango, akakoroga tena, halafu akauliza bila kugeuka, "Hivi, wakoje?"

"Kina nani, Mama?"

"Senene. Wakoje mdomoni?"

Selina akaacha kukata nyanya. "Mama, hujawahi kuonja? Hata chumvi?"

"Chumvi naijua kwa mkono. Naijua kwa harufu." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Kwetu mwanamke akimpelekea mumewe senene wa kwanza wa msimu, mume humnunulia kanga. Sanduku langu limejaa kanga za senene, mwanangu. Nyingine sijazifungua. Nimewakamata, nimewanyonyoa, nimewakaanga tangu ningali msichana. Mapadri walipokuja walitwambia mwiko wa kuku ni ushenzi, tukaanza kupewa shingo na miguu. Wa senene sijui kwa nini waliuacha. Labda nao waliwapenda."

Selina akaona mlango umefunguka, akaingia mzima mzima, na ukali wa jana bado uko naye.

"Basi kula, Mama. Kikaango hicho hapo. Nani atakuzuia? Mimi jana nilikula na sikufa. Mtu mzima na akili zako, unanyimwa kitu unachokipika kwa mikono yako, unakubali. Ndiyo maana wanataka na mtoto wangu akakubali."

Ma Bernadetta akageuka sasa. Alimtazama mkwe wake, na macho yake hayakuwa ya hasira.

"Na wewe mbona huli kuku?"

"Mimi?"

"Wewe. Nimekuja hapa mara nyingi. Unafuga kuku, unauza kuku, unapika kuku vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sijakuona ukimtia mdomoni."

"Tumbo langu, Mama. Kuku hunisumbua tumbo."

"Umewahi kumla likakusumbua?"

Selina alikuwa hajawahi. Kule Magu alilelewa na bibi yake, na katika nyumba ya bibi wanawake hawakula kuku, basi. Mwanamke anayekula kuku huwa mzururaji, bibi alisema, hupekua kila jaa kama kuku mwenyewe. Bibi alifariki siku nyingi. Selina alisoma, akaenda chuo cha ualimu, akaolewa na mtu wa mbali, na hakuna aliyemwekea ulinzi kwenye sufuria. Alijilinda mwenyewe. Pale chuoni alikuwa anawagawia wenzake kipande chake na kusema tumbo, na neno hilo likazoeleka mpaka naye akaliamini.

"Na huyu," Ma Bernadetta akasema, akaelekeza mwiko kizingitini. "Nice, njoo. Wewe unakula kuku?"

"Hapana, Bibi," Nice akasema, machozi ya vitunguu yakimtoka. "Kuku hunisumbua tumbo."

Alilisema kwa sauti ile ile ya mama yake, na mkono akauweka tumboni pale pale mama yake alipozoea kuuweka.

"Nani alikwambia?" Selina akauliza.

"Hakuna. Si ndivyo tulivyo sisi?"

Selina akaketi juu ya kigoda. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ya kutaka kujifunika kanga usoni. Jana nzima alikuwa amemhukumu mzee wa watu kwa kufunika sahani kwa kiganja, na mzee angalau alitoa sababu, hata kama ni ya kipuuzi. Yeye hakutoa hata sababu. Alikuwa amemfundisha mwanawe mwiko wa Magu hapa hapa Ilemela, kila siku ya kuku, bila kufungua mdomo. Kisha hasira yake ikarudi, ila safari hii haikuwa na haja ya kwenda sebuleni. Ilikuwa na kazi jikoni.

Akasimama, akafunua sufuria. Katikati ya mchuzi, firigisi ilikuwa imeelea.

Sasa, firigisi si nyama tu. Uwe Msukuma, uwe Mhaya, Mjita au Mkerewe, katika kuku mzima kuna kitu kimoja ambacho hakigawanywi, na kitu hicho ni cha baba. Mgeni anaweza kupewa paja, mtoto anaweza kuiba bawa akachapwa kidogo yakaisha. Firigisi ikikosekana, nyumba huulizwa. Kuna wanawake waliorudishwa kwao kwa firigisi iliyoliwa na paka.

Selina akaiopoa kwa kijiko, akaiweka kwenye ubao, akaikata vipande vitatu.

"Mama," akasema, "mimi nitakula hiki. Wewe utakula kile kilichoko kwenye kikaango chako. Halafu tubadilishane."

Ma Bernadetta akatazama mlangoni. Sauti za wanaume zilikuwa zinakuja kutoka sebuleni, Mzee Mihayo akisimulia jambo, wengine wakicheka. Akatazama firigisi. Akatazama kikaango alichokuwa amekikoroga maisha yake yote. Kisha akachota senene mmoja, mmoja tu, akamtia mdomoni akiwa amefumba macho, na akatafuna polepole sana.

Selina akatia firigisi mdomoni. Akasimama na kile kipande ulimi ukiwa haukijui, akamwona bibi yake wa Magu amekaa palepale jikoni anamtazama. Samahani, Bibi, akasema moyoni, akauma. Ilikuwa ngumu kidogo, yenye chumvi, yenye utamu mzito uliokuja nyuma taratibu. Akameza. Tumbo halikumsumbua siku ile wala siku nyingine.

"Watamu," Ma Bernadetta akasema. Alikuwa amefumbua macho, na macho yamejaa maji. "Watamu hivi, siku zote hizi. Na mimi nikapewa kanga."

Akachota tena, safari hii kwa mkono mzima. Halafu akala kipande chake cha firigisi, akamjaza Nice kiganja, na Selina akamtia mwanawe kipande cha firigisi mdomoni, mtoto akitafuna huku akiwatazama wote wawili kwa zamu, kana kwamba anangoja mmoja wao aanguke.

Meza iliandikwa sebuleni. Ugali ukawekwa, hotipoti ya ndizi ikafunuliwa, bakuli la kuku likaletwa, na sahani ya senene ikakaa mbele ya mzee. Kwa kawaida Ma Bernadetta angepiga magoti, akanawisha mikono ya wanaume, akarudi jikoni. Alinawisha. Kisha akavuta kiti, akakaa. Selina akakaa karibu yake, Nice akakaa katikati yao.

Mzee Kashaija alikuwa na kijiko ndani ya bakuli. Alikoroga upande wa kulia, akakoroga wa kushoto, akainua paja, akachungulia chini yake. Mzee Mihayo, ambaye naye ni baba katika nyumba yake, alielewa kinachotafutwa, akainamisha kichwa kwa huruma.

"Firigisi iko wapi?" mzee akauliza.

"Tumeila," Ma Bernadetta akasema.

Kijiko kikasimama. "Nani?"

"Mimi, na mkwe wako, na mjukuu wako. Senene nao tumewala. Mkwe wako alisema kweli jana, chumvi ilizidi. Leo nimepunguza."

Mzee alimtazama mke wake kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yake. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kusikia kutoka kwake sentensi ndefu kiasi kile mbele za watu. Akaona wageni wanatazama sahani zao, akamgeukia aliye rahisi zaidi, mjukuu wake.

"Mnaona? Ndiyo maana nikasema mtoto huyu aje Bukoba akafundishwe!"

"Baba," Selina akaanza, na sauti yake ilikuwa tayari kwa vita, lakini Ma Bernadetta akamwekea mkono juu ya paja chini ya meza.

"Akafundishwe na nani?" mama yule akauliza. "Wewe hujawahi kumfundisha mtoto wa kike hata kukunja kanga. Kule nyumbani mwalimu ni mimi. Ukimleta, nitamfundisha nilichojifunza leo."

Selina akamtazama mumewe, na Mutayoba akahisi anatazamwa. Mbele yake kulikuwa na zulia, na kulikuwa na baba yake. Akakohoa.

"Nice atabaki hapa, Baba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema akiangalia mbele. "Tumeshazungumza."

Selina akachukua kijiko cha kupakulia. Akampa Mzee Mihayo paja, akawapa watu wa ofisini vidari. Akampa Ma Bernadetta paja la pili. Alipofika kwa baba mkwe wake, akainama kwa heshima zote kama alivyoinama jana, akamwekea shingo.

Mzee aliitazama ile shingo. Angeweza kusimama, lakini kulikuwa na wageni, na alikuwa na njaa, na harufu ilikuwa nzuri. Akaichukua kwa mikono miwili, akaiuma upande huu, akaigeuza, akaiuma upande ule, akafyonza mfupa, akautazama.

"Shingo yenyewe haina nyama," akasema.

"Haijawahi kuwa nayo," Ma Bernadetta akasema, na akamsogezea hotipoti ya ndizi. "Kula chakula, Baba Mutayoba."

Nice akanyoosha mkono kwenye sahani ya senene. Mzee alikuwa bado ameishika ile shingo kwa mikono yote miwili, na sahani ikabaki wazi.